Askari Akiisha Kuvua Nguo za Vita

Jioni ya leo nataka kuanza na jina la soko. Hapana mtu aliyefika Dar es Salaam asiijue Kariakoo. Watu huenda huko kununua nazi, ndizi, dagaa na nguo, wala hawajiulizi jina lile limetoka wapi. Si jina la Kizaramo wala la Kiarabu. Ni maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi, yaliyogeuzwa na ndimi zetu. Waingereza walipoutwaa mji ule mwaka 1916 waliwaweka wapagazi wao mahali pale. Nairobi nako wanapo mahali pao, napo huitwa Kariokor, jina lile lile kwa matamshi mengine.

Katika vita vya 1914 hata 1918 majeshi yalipita katika nchi isiyokuwa na barabara, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari. Basi chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa na watu kichwani. Wanahistoria hukadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yao waliochukuliwa upagazi katika Afrika Mashariki na ya Kati walipata milioni moja. Waliokufa walikuwa makumi elfu kwa makumi elfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Walizikwa kando ya njia, na wenzao wakaendelea na safari.

Hebu sasa ondokeni sokoni mwende mpaka katikati ya mji, mkaitazame sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Amesimama na bunduki yake yenye singe, amekabili bandari. Chini yake yako maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, nayo yanawataja askari na wapagazi pia. Lakini mkilizunguka jiwe lile mara 10 hamtaona jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wengi zaidi ya hao sana, waliokufa katika vita vile, wengi wao wakiwa watu wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama katika Bunge akaomba radhi.

Pengine mwanafunzi ataniuliza, “Mwalimu, jina lina faida gani kwa maiti?” Kwa maiti sijui, lakini kwa mjane wake lina faida kubwa. Wapagazi walikuwa na mshahara, na mshahara wa aliyekufa ulikuwa mali ya jamaa zake. Lakini jamaa hawakujua pa kudai, na karani hakujua pa kuwatafuta, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa ovyo au hayakuandikwa. Kwa miaka mingi fedha zile zilibishaniwa na wakubwa wa huku na wakubwa wa London, barua juu ya barua, na mwisho wake jamaa za marehemu hawakuzipata. Deni halikukanwa na mtu. Lilikosa mwenyewe tu.

Nimeitanguliza habari hii kusudi mwelewe kazi ya vyama vya askari wa zamani ni kazi gani. Watu wengi hudhani ni vyama vya wazee wavaao nishani, wapigao gwaride mara moja kwa mwaka, na jioni wakanywa pamoja. Gwaride lipo, na kinywaji kipo. Lakini kazi yenyewe hasa ni kujua nani alikwenda vitani, nani alirudi, anakaa wapi, anadai nini, na akifa nani ameachwa nyuma yake. Yaani, kabla ya kuwa sanduku la fedha, chama ni daftari.

Chama mashuhuri kuliko vyote vya namna hii katika nchi za Waingereza kilizaliwa mwaka 1921, nacho kiliitwa British Legion. Vita vilipokwisha, watu wa Uingereza waliwapokea askari wao kwa ngoma na bendera. Lakini bendera zikakunjwa. Watu wapata 1,750,000 walikuwa wamerudi na ulemavu wa namna fulani, na nusu yao walikuwa walemavu wa maisha. Mwaka ule wa 1921 watu wapata milioni 2 katika nchi ile walikuwa hawana kazi, na wengi miongoni mwao walikuwa askari wa jana. Mtu mwenye nishani kifuani alionekana njiani akiuza viberiti.

Vyama vya kuwatetea vilikuwapo, tena vinne, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Kimoja kilikuwa cha maofisa. Vile vitatu vingine vilivutwa huku na huku na vyama vya siasa, kila kimoja kikimshutumu mwenzake. Serikali nayo, kama ilivyo desturi ya serikali zote, haikuona haraka ya kuwajibu watu wasiosema neno moja. Ndipo mwezi wa Mei 1921 vyama vyote vinne vilipokubali kuungana. Rais wake akawa Jemadari Haig, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Ufaransa. Wako wanaomlaumu mpaka leo kwa wingi wa watu waliokufa chini ya amri yake, nami sitaliingilia shauri hilo. Ila yajulikana kwamba alipotakiwa kupewa cheo cha ulodi baada ya vita alikataa mpaka shauri la askari wake walioumia litazamwe kwanza. Lakini mwenyekiti wa chama, aliyechaguliwa kwa kura, hakuwa jemadari wala ofisa. Alikuwa T. F. Lister, askari wa kawaida wa mizinga. Maana chama kiliweka sheria kwamba ndani yake hapana mkubwa wala mdogo wa cheo. Aliyekuwa akipiga saluti na aliyekuwa akipigiwa wana kura moja moja. Kwangu mimi, hili ndilo jambo lililokifanya chama kile kudumu.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo linapoingia ua dogo jekundu. Katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji liko ua liitwalo popi. Mbegu zake zaweza kulala udongoni miaka mingi bila kuota, hata ardhi ikichimbuliwa na mwanga ukizifikia, ndipo huota. Basi mizinga ilikuwa imeichimbua nchi ile yote, na penye makaburi na mashimo ya mabomu pakachanua wekundu mtupu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Moina Michael, aliamua mwaka 1918 kuvaa ua lile kuwa ukumbusho. Na mwanamke wa Ufaransa, Anna Guérin, akalipeleka wazo hilo kwa vyama vya askari vya nchi mbalimbali, maua ya kitambaa yauzwe ili kuwasaidia walioumizwa na vita. British Legion walikubali. Wakaagiza maua milioni 9, wakayauza mwezi wa Novemba 1921, nayo yakaisha yote. Zilipatikana paundi zaidi ya 106,000.

Mwaka uliofuata walifanya jambo la akili zaidi. Badala ya kununua maua nje, walifungua karakana katika London, na wa kwanza kuajiriwa walikuwa askari 5 walemavu. Ua lenyewe likabuniwa kwa namna ambayo mtu mwenye mkono mmoja aweza kuliunganisha. Tazameni hapo: ua moja lilileta fedha mara mbili, kwa aliyelitengeneza akapata mshahara, na kwa mjane akapata msaada kutokana na bei yake.

Lakini mtu asidhani kwamba maua yalitosha. Iko tofauti kati ya sadaka na haki, na chama kizuri hushika vyote viwili, kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono huu. Sheria ya Uingereza ilisema kwamba askari anayetaka pensheni ya jeraha au ugonjwa wa vita aidai kabla ya kupita miaka 7 tangu kuachishwa kazi. Je, mapafu yaliyovuta moshi wa sumu yanajua hesabu ya miaka 7? Wako waliorudi wazima, wakaoa, wakalima, na katika mwaka wa 8 au wa 9 wakaanza kukohoa. Wakiandika barua waliambiwa, “Umechelewa.” Mwaka 1925 Legion wakakusanya sahihi zaidi ya 800,000 wakazipeleka Bunge. Serikali haikuufuta mpaka ule wa miaka, lakini ilikubali kuyatazama mashauri ya pekee, na mamlaka ya kuyapeleka mashauri hayo mbele, pamoja na hati za daktari na ushahidi wa kikosi, yakawa kazi ya kila siku ya makatibu wa chama. Ua halingaliweza kufanya hivyo. Kinachoweza ni katibu mwenye subira, kalamu na daftari.

Sheria njema nayo hailindi mtu asiye na wa kumsemea mlangoni. Marekani mwaka 1944 chama chao cha American Legion ndicho kilichoandika mswada wa kwanza wa sheria iliyowapa askari wao masomo, mikopo ya nyumba na posho wakati wa kukosa kazi; Rais Roosevelt akaitia sahihi tarehe 22 Juni mwaka ule. Katika muda wa miaka 12 watu wapata milioni 7.8 walipata elimu au mafunzo kwa ajili yake, na zaidi ya milioni 2 katika hao waliingia vyuo vikuu. Mimi ni mwalimu, na sijui vita vingine vilivyojaza madarasa namna hiyo. Walakini waliokaa katika meza za kutoa mikopo walikuwa watu wa mahali, na benki za mahali. Katika miji ya jimbo la Mississippi mwaka 1947 ilihesabiwa mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa kwa sheria ile, na askari weusi waliopata walikuwa wawili. Wawili tu, na jimbo lile lilikuwa na weusi karibu nusu ya watu wake. Sheria ilikuwa moja. Mlango ulikuwa na bawabu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka ule ule wa 1921 Jemadari Haig na Jemadari Smuts walikutana na wajumbe katika Cape Town wakaunda shirikisho la kuviunganisha vyama vya askari wa zamani vya nchi zote zilizokuwa chini ya ufalme wa Uingereza. Shirikisho hilo liko mpaka leo, siku hizi likiitwa la Jumuiya ya Madola, na makao yake yako London. Namna yake ya kufanya kazi ni nyepesi kueleza. Lenyewe halina watu wake wa kuzunguka vijijini. Linakitegemea chama cha kila nchi, na chama cha nchi kinategemea matawi, na tawi linamtegemea mzee mmoja ajuaye nyumba ya mzee mwenzake. Tawi linamtafuta mtu, linahakikisha kwamba kweli alikuwa askari, linaandika hali yake. Karatasi inapanda mpaka London, na msaada unashuka kwa njia ile ile.

Na watu wa kutafutwa walikuwa wengi. Katika vita vya pili, 1939 hata 1945, watu wa Afrika Mashariki na jirani zake walioandikishwa walipata 300,000. Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya 80,000. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Bukini mwaka 1942, kisha wakavuka bahari mpaka Burma. Hata redio ya Kiswahili, ambayo ninyi mnaisikiliza kama kwamba ilikuwapo tangu Nuhu, ilipata nguvu katika siku zile, kwa sababu wazazi walitaka kujua watoto wao wako wapi.

Wengine hawakufika Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu wapata 1,300, na mamia katika hao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwili haukurudi hata mmoja kijijini. Lakini nendeni kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, katika njia ya Ngong, mtayaona majina ya askari wale yamechongwa katika ukumbusho. Kati ya mpagazi wa 1917 na askari wa 1944 mna miaka isiyotimia 30, na tofauti yao ni hii, kwamba wa pili aliandikwa.

Kuandikwa si kulipwa sawasawa, lazima niseme kweli. Askari aliyeandikishwa kwa muda wa vita alipewa kiinua mgongo mara moja, si pensheni, isipokuwa aliyelemaa. Na kiinua mgongo chenyewe kilipimwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi. Hati zilizotangazwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mzungu aliyetumikia katika makoloni ya Afrika aliweza kupata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Fedha ile iliisha upesi: mahari, mabati, cherehani, ng'ombe wawili watatu, na mchango wa jamaa waliomngojea miaka minne wakiamini amerudi tajiri. Baada ya hapo alibaki na nishani.

Tufanye mfano, kama tufanyavyo darasani. Mzee mmoja anakuja kwa katibu wa tawi. Hajui kusoma. Anayo nyota ya shaba aliyopewa kwa vita vya Burma. Nyota za vita vya pili walizotoa Waingereza aghalabu hazikuchongwa jina, kwa hiyo nyota peke yake haithibitishi neno. Huenda ni yake, huenda aliirithi, huenda aliinunua. Katibu anamwomba kitabu chake cha kuachishwa kazi. Mzee anasema nyumba iliungua. Jina je? Jina analoitwa kijijini ni la mwanawe wa kwanza. Na jina aliloandikwa jeshini lilikuwa lake na la babake, tena kama karani wa kambi alivyolisikia, naye karani alikuwa mtu wa kabila lingine.

Katibu mbaya atamwambia aende zake. Katibu mwema ataanza kuuliza maswali madogo madogo. Batalioni ya ngapi? Ofisa wa kampani yako mlimpa jina gani? Mlishuka pwani gani? Mzee atasema habari za bonde la Kabaw wakati wa mvua, matope hata magotini, na jinsi malaria ilivyowalaza wenzake. Na ya kwamba mwezi wa Desemba walifika mto Chindwin, na mafundi wakaweka juu yake daraja la chuma refu ajabu. Mtu hakuyasoma hayo, maana hajui kusoma. Katibu anaandika. Kisha anatafuta wawili wengine wa batalioni ile, kila mmoja kwa peke yake, na akiona maneno yanakutana, anatia sahihi. Hivyo ndivyo mtu asiye na karatasi anavyopata karatasi.

Msaada wenyewe si mkubwa. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza paundi milioni 12 kwa ajili ya askari wa zamani na wajane wao walio maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola, na shabaha iliyotajwa ilikuwa kwamba kila mmoja apate kula mara mbili kwa siku. Mara mbili kwa siku! Walikuwa wamekwisha kuwa na miaka 90 na zaidi. Mtu aweza kucheka kwa uchungu, aseme, baada ya miaka 73 ndiyo imekumbukwa milo miwili? Nami sitamzuia. Ila najua pia kwamba fedha zile zisingaliweza kumfikia mtu hata mmoja kama hapangalikuwa na vyama vya nchi vilivyotunza orodha zao katika miaka yote ile ambayo hapakuwa na fedha.

Nimesema sana habari za mali, kumbe lipo jambo ambalo mali haigusi. Askari arudiye kutoka vitani hurudi na mambo asiyoweza kumwambia mkewe. Usiku huamka akipiga kelele. Akisikia mlango umebamizwa huruka. Pengine huwa mkali kwa watoto, pengine hunyamaza siku tatu. Zamani watu wa kijiji walisema amepandwa na pepo, wakamchezea ngoma. Madaktari wa siku hizi wanalo jina la ugonjwa ule na dawa zake, nao wanashauri mgonjwa apelekwe hospitali, asifichwe. Lakini hata kabla ya daktari, mtu wa namna hiyo hutulia akiketi na mwingine aliyekuwapo. Hawasemi mengi. Mmoja atataja jina la mahali, mwingine atatikisa kichwa, na hayo yanatosha. Chama kikiwa na kibanda tu na mabenchi mawili kimekwisha kufanya kazi ambayo chuo changu hakiwezi kuifundisha.

Na kijiji nacho hufaidika. Aliyekuwa askari amejifunza kuamka mapema, kutunza zana, kuongoza watu 30 bila kupiga kelele, na wengi wamejifunza udereva, ufundi wa mitambo, uuguzi au simu. Askari wengi wa Keya walijifunza kusoma jeshini, na waliporudi waliwasomea jirani zao barua na magazeti. Penye chama, ujuzi ule hauendi bure. Moto ukizuka au mafuriko yakija, wako watu wanaojua kujipanga. Tena mmoja wao akifa, wenzake humbeba, na mjane huona kwamba mumewe alikuwa mtu wa watu.

Walakini chama chaweza kuoza kama kitu kingine chochote. Huoza kinapokuwa cha maofisa peke yao, au kinapogeuka baa, au mweka hazina anapoacha kusoma hesabu mbele ya wanachama. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu wajane hawana sauti ya kuuliza. Ni vema hesabu zisomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, na kijana mmoja wa shule akae karibu kuzijumlisha.

Keya imekwisha kupita. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 jeshi lilibadilishwa jina. Baada ya maasi ya Januari 1964 likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, ambalo vijana wake wa 1978 na 1979 waliopigana vita vya Kagera sasa ni wazee wenye mvi. Wastaafu wa jeshi hilo wana muungano wao, MUWAWATA. Na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao penye mnara wa ukumbusho. Wa vita vya Burma waliobaki ni wachache mno. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Waliobaki zaidi ni wajane wao, maana wengi walioa tena uzeeni mabinti wadogo kuliko wao kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi. Likizo hii, yule bibi aliye na sanduku la bati chini ya kitanda, mwombeni kwa adabu alifungue. Mkikuta nishani, msiisugue kwa mchanga wala majivu. Tazameni ukingoni kama pana maandishi. Mkikuta kitabu cha kuachishwa kazi, msikikunjue kwa nguvu, kwani karatasi ya zamani hukatika penye kunjo. Chukueni daftari. Andikeni namba kwanza, kisha kikosi, kisha jina kama lilivyoandikwa na karani, hata likiwa limekosewa. Msilisahihishe, maana kwa jina lile ndivyo atakavyotafutwa. Chini yake andikeni jina analojulikana nalo kijijini, na la bibi mwenyewe, na la kijiji. Kisha pelekeni nakala kwa chama cha askari wa zamani kilicho karibu, na kitabu chenyewe mkirudishe sandukuni mbele ya macho yake.